Kampuni Imekufa, Deni Linabisha Hodi



Naomba nianze na nyumba yangu. Mwaka ule nilipokuwa najenga Kimara, boma lilipofika usawa wa madirisha fundi wangu alichukua fedha za lenta na ringibimu, akaniaga kwamba amefiwa, anakwenda kuzika Singida, atarudi baada ya siku tatu. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Nadhani matanga hayajaanuliwa. Nilimtafuta mwenyewe, nikamkosa mwenyewe, na nondo nikazinunua mara ya pili mwenyewe. Kila mtu humu ukumbini ana hadithi yake ya namna hii, na za wengine wenu ni nzito kuliko yangu, kwa sababu aliyewatoroka hakuwa fundi mmoja mwenye mwiko na pimamaji. Ilikuwa kampuni, yenye barua za nembo, muhuri, na ofisi ghorofa ya tatu.

Jioni hii nawapeleka mbali kidogo, Queensland, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Australia ambalo mji wake mkuu ni Brisbane. Kule mkandarasi akiiacha nyumba njiani, yupo wa kumlipa mwenye nyumba. Kisha huyo aliyelipa hugeuka na kumtafuta aliyesababisha alipe. Habari ya kulipwa ni tamu na ni fupi. Mimi nimekuja kwa ajili ya hiyo ya pili, kwa kuwa msako ule huishia mlangoni kwa mtu ambaye kwa miaka mingi sheria ilimfundisha kwamba hawezi kupatikana: mkurugenzi wa kampuni.

Aliyemjengea maficho alikuwa fundi viatu. Wanafunzi wa sheria mnamjua, Aron Salomon wa East End, London. Mwaka 1892 alikiuza kiwanda chake cha viatu kwa kampuni aliyoiunda yeye mwenyewe. Sheria ya wakati huo ilidai wanahisa saba, akawaandika mkewe na watoto watano, kila mmoja hisa moja, naye akabaki na hisa 20,001 kati ya 20,007. Kampuni ikafa. Wadai wakasema, hii kampuni ni Salomon aliyevaa koti, alipe yeye. Mwishoni mwa mwaka 1896 Baraza la Mabwana likakataa: kampuni ni mtu, na mtu huyo si Salomon. Hata deni la pauni 10,000 ambalo Salomon alikuwa anaidai kampuni yake mwenyewe, kwa dhamana, likaonekana ni halali. Koti likawa na roho yake.

Kanuni hiyo tuliirithi. Inafundishwa Mlimani, Nairobi, Makerere, na inafundishwa Brisbane pia. Ni kanuni nzuri kwa biashara, sitaki kuitukana. Bila hiyo nani angethubutu kuweka akiba yake kwenye mradi wa daraja? Lakini katika ujenzi wa nyumba za watu ina ubaya wake wa pekee. Mkandarasi wa nyumba hahitaji mali nyingi. Mashine hukodi, vibarua ni wa mafundi wadogo, vifaa huchukua kwa mkopo dukani, na fedha ya kuendeshea kazi humtoka mwenye nyumba kwa awamu. Kampuni ya namna hiyo ikifilisiwa, mfilisi hufungua kabati akakuta kompyuta mbili na deni la gari. Mkurugenzi naye hufungua kampuni nyingine mwezi unaofuata, jina limebadilika herufi tatu, simu ni ile ile. Nyoka amejivua gamba, lakini meno hajabadili.

Sasa tazameni walivyofanya Queensland. Kwa sheria ya mwaka 1991 serikali ya jimbo ilianzisha chombo cha kutoa leseni za ukandarasi na kusimamia bima ya nyumba za kuishi. Tangu Desemba 2013 chombo hicho kinaitwa Tume ya Majengo na Ujenzi ya Queensland, nitakiita Tume. Kazi ya nyumba inayozidi dola 3,300 lazima iwe na bima hiyo. Mkandarasi hukusanya ada ya bima kutoka kwa mteja na kuipeleka Tume kabla ya kuanza kazi. Na hapa pana jambo ambalo nililisoma mara mbili nikidhani nimekosea: asipoipeleka, mteja bado ana bima. Kinga humwangukia mwenye nyumba kwa sababu tu ameingia mkataba na mtu mwenye leseni, au hata na mtu aliyejidai kuwa nayo. Uzembe wa mkandarasi haumwadhibu mteja.

Msidhani hilo ni jambo dogo. Mwishoni mwa Machi 2023 kampuni kubwa ya ujenzi iitwayo Porter Davis Homes ilianguka, nyumba kama 1,700 zikiwa katikati ya ujenzi huko Victoria na Queensland. Katika jimbo la Victoria zaidi ya familia 500 ziligundua kwamba malipo yao ya awali yalipokewa lakini bima haikukatwa kamwe. Serikali ya jimbo ikalazimika kuingiza mkono hazina kuwapoza. Queensland swali la kama ada ililipwa halikuwa na nafasi ya kumnyima mtu kinga yake.

Tofauti hii ina historia. Machi 2001 kampuni ya bima iitwayo HIH ilifilisika kwa hasara iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 5.3, anguko kubwa kuliko yote Australia ilikuwa imewahi kuyaona. HIH ilikuwa nguzo ya bima za ujenzi wa nyumba katika majimbo kadhaa. Ilipoondoka, majimbo hayo yalijikunja na kuifanya bima yao kuwa mlango wa mwisho: hulipwi mpaka mjenzi awe amekufa, ametoweka au amefilisika. Kama yu hai na anakuringia, pambana naye mahakamani kwa fedha yako. Queensland, iliyokuwa na mfuko wake wa serikali, ilibaki na mlango wa kwanza. Nyufa zikionekana na mkandarasi akikataa kuzirekebisha, Tume hulipa hata kama yeye anakunywa kahawa ng'ambo ya barabara. Victoria wenyewe wamechoka na mlango wa mwisho. Mwaka 2025 bunge lao lilipitisha sheria ya kuhamia ule wa kwanza.

Lakini mfuko unaolipa mapema lazima uwe na mkono mrefu, la sivyo utakauka. Na mkandarasi akizoea kwamba kuna anayelipia makosa yake, kwa nini arudi kuziba ufa? Hapa ndipo neno bima linapowapoteza wengi. Bima ya gari yako hulipa unapogonga, kisha yanaisha, umelindwa. Hii ya Queensland haimlindi mkandarasi hata kidogo. Yeye hupeleka ada, mteja hulindwa, na siku mfuko ukitoa fedha, yeye ndiye mdaiwa. Nimekutana na wakandarasi wa huku kwetu waliosikia habari hii wakadhani nimechanganya. Sijachanganya. Ada ile ni ya kumkinga mteja dhidi yako wewe.

Kifungu cha 71 cha sheria hiyo kinasema Tume ikilipa dai, inaweza kurudisha fedha hiyo kama deni kutoka kwa mkandarasi aliyefanya au aliyepaswa kufanya kazi, au kwa mtu mwingine yeyote ambaye dai limetokea kwa kosa lake. Mawakili mtaona mara moja kwamba hii si ile haki ya kawaida ya kampuni ya bima kusimama mahali pa mteja wake na kushitaki kwa jina lake. Anayesimama mahali pa mwenzake hurithi pia aibu zake: kama mteja alichelewesha malipo, kama alibadili ramani kila Jumatatu, hayo yote yatarushwa usoni kwa bima. Deni la kifungu cha 71 halirithi. Limezaliwa na sheria siku malipo yalipotoka. Tume haidai fidia ya mwenye nyumba, inadai fedha yake.

Mpaka hapo Salomon bado yuko salama, maana mkandarasi ni kampuni na kampuni imekufa. Basi kikatungwa kifungu cha 111C. Maneno yake hayana mapambo. Kampuni ikiwa inadaiwa na Tume kwa sababu ya malipo ya bima, deni lile lile humshika kila aliyekuwa mkurugenzi wakati kazi ilipofanywa au ilipopaswa kufanywa, na kila aliyekuwa mkurugenzi siku Tume ilipolipa. Huwashika kwa pamoja na mmoja mmoja, maana yake Tume inaweza kumdai yeyote kati yao deni zima na kuwaachia wao kugawana lawama. Na kifungu kinaongeza kwamba hali ya kampuni haijalishi: iwe hai, iwe mikononi mwa mfilisi, iwe imekwisha kuzikwa.

Huoni neno ulaghai humo. Mahakama zetu, na za Uingereza, hukubali kulifunua pazia la kampuni pale mdai anapothibitisha kwamba lilitumiwa kama kificho cha udanganyifu, na kila aliyejaribu anajua jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu. Barua pepe zitafutwe, mashahidi wageuke, miaka ipite. Kifungu cha 111C hakijisumbui na pazia. Hakiulizi kama mkurugenzi alikuwa mwema au mwovu, kama alijua au hakujua. Kinauliza tarehe.

Ngoja tupige hesabu, maana sheria bila hesabu ni hotuba. Mfano huu nimeutunga. Mwenye nyumba amekubaliana na kampuni bei ya dola 400,000. Amekwisha kulipa 240,000, zimebaki 160,000. Kampuni inasimama, mkataba unavunjwa kihalali, Tume inaita zabuni za kumalizia, na zabuni inayofaa ni 290,000. Mwenye nyumba ataongeza zile 160,000 ambazo hata hivyo angelipa. Pengo ni 130,000, na hizo ndizo mfuko unazotoa. Kinga ya msingi kwa nyumba isiyomalizika hufika dola 200,000. Huyu hakufika, lakini deni la kifungu cha 71 limezaliwa, na kila mkurugenzi wa siku zile analo mgongoni kabla hata hajaamka.

Kwa 130,000 Tume itafungua shauri Mahakama ya Hakimu, ambayo Queensland husikiliza madai hadi dola 150,000. Ikizidi hapo ni Mahakama ya Wilaya, hadi 750,000, na juu ya hizo Mahakama Kuu. Tume ina miaka sita ya kufungua shauri. Mkurugenzi aliyekaa miaka mitatu bila kusikia hodi asijipongeze mapema.

Sasa tuingie chumbani kwenyewe, maana hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha tangu mwanzo. Mkurugenzi anaingia mahakamani na faili nene. Ana picha. Ana mhandisi wake anayesema ule ufa ulikuwa wa plasta tu, si wa msingi. Ana hesabu zake kwamba angerekebisha bafu lile kwa dola 8,000, na Tume imempa mtu mwingine 40,000. Ana hasira ya mtu aliyeonewa, na huenda kweli ameonewa. Anamaliza kusema, na wakili wa Tume anasimama na karatasi moja. Karatasi hiyo ina tarehe.

Ni hivi. Kabla Tume haijalipa kwa ajili ya kazi mbovu, kwa kawaida humwandikia mkandarasi amri ya kurekebisha. Amri hiyo inaweza kupingwa. Lipo Baraza la Madai ya Kiraia na Kiutawala la Queensland, lililoanza kazi Desemba 2009, ambalo hupitia uamuzi kama huo na kuuangalia upya: je, kweli kazi ni mbovu, je, kweli ni ya huyu, je, ni haki kumwamuru? Lakini ombi la mapitio lapaswa kupelekwa ndani ya siku 28. Asipotii, Tume huandaa orodha ya kazi zitakazofanywa na mtu mwingine, na orodha hiyo nayo hupelekwa kwake, nayo ina siku zake 28. Siku zikipita kimya, na Tume ikishatoa notisi kwamba dai la bima limekubaliwa, mlango wa Baraza unafungwa kwa mambo hayo. Na ule uamuzi wa mwisho wenyewe, wa Tume kuamua kudai fedha yake chini ya kifungu cha 71, haumo kabisa katika orodha ya yanayoweza kupitiwa na Baraza.

Kwa hiyo anapofika mbele ya hakimu akiwa na mhandisi wake na picha zake, hakimu humsikiliza kwa adabu na kumwambia kwamba hayo yalikuwa na mahali pake na wakati wake. Hapa tunahesabu deni tu. Mara nyingi Tume huomba hukumu ya haraka, bila kuita mashahidi, kwa hoja kwamba hakuna cha kubishania. Kesi haikupotea mahakamani. Ilipotea miezi mingi kabla, kwenye kaunta ya jikoni, ndani ya bahasha ambayo haikufunguliwa kwa sababu mwenye nayo alijua ina habari mbaya.

Nimesoma hukumu za mashauri haya kadiri nilivyoweza kuzipata, na nawaambia ninachokiona ni udhaifu wa kibinadamu zaidi ya uovu. Mtu ambaye biashara yake inazama hafungui barua. Mfilisi ameshachukua ofisi, anwani iliyoandikwa kwenye leseni ni ya ofisi ile ile, mke ameondoka, benki inapiga simu kila asubuhi. Amri ya kurekebisha nyumba ya mtu wa mtaa wa pili inakuja katikati ya hayo, na yeye anajiambia, kampuni si yangu tena, hayo ni ya mfilisi. Ndilo kosa ghali kuliko yote. Kampuni si yake tena, ila deni ni lake, na siku za kulipinga zinahesabiwa sasa hivi, angali anaamini kwamba hazimhusu.

Je, mahakamani hakubaki kitu? Kimebaki, na ni chembamba. Mahakama ya Rufaa ya Queensland ilikwisha kuweka wazi kwamba haitoshi Tume kuonyesha risiti kwamba imelipa. Kifungu kinasema malipo ya dai chini ya mpango wa bima. Basi malipo yenyewe yawe yamo ndani ya mpango huo: kazi iwe kweli ni ujenzi wa nyumba ya kuishi wa aina inayokingwa, dai liwe la aina inayokubalika. Tume ikilipa kwa huruma, au kwa kukosea, nje ya masharti ya bima, haiwezi kumgeukia mkandarasi. Utaona kwa nini mawakili wa wakurugenzi huanza kwa kusoma maana ya maneno badala ya kutazama nyufa. Jengo la ghorofa zaidi ya tatu lenye makazi ya watu wengi, kwa mfano, haliko ndani ya bima hii. Vivyo hivyo kwa nyumba isiyomalizika: kama kampuni haijafilisika, mwenye nyumba sharti awe amevunja mkataba ipasavyo. Kama yeye ndiye aliyemfukuza mjenzi kwa jazba, bila notisi, basi kuna jambo la kubishaniwa. Wakili mzuri wa huko nadhani hulala na mkataba wa ujenzi chini ya mto.

Utetezi wa namna hii unaniridhisha. Unamlazimisha anayetumia fedha ya umma aifuate sheria iliyompa mfuko. Kinachonikera ni kwamba mwenye ubishi wa kiufundi, yule wa dola 8,000 kwa 40,000, hana pa kuupeleka akishachelewa. Na ubishi wake si upuuzi. Anayekuja kurekebisha kazi ya mwenzake hutoza zaidi, kila fundi humu anajua. Huwezi kujua kuna nini nyuma ya vigae mpaka umevibomoa, na unaanza kuwajibika kwa kazi ambayo hukuianza. Zabuni hupanda kwa woga. Lakini bei ya woga huo hulipwa na mtu ambaye hakuwepo kuizungumza.

Tuseme hukumu imetoka. Inakazwa kama hukumu nyingine: mali hukamatwa na kuuzwa, fedha zilizo benki huzuiwa. Chombo kinachotisha zaidi ni notisi ya ufilisi wa mtu binafsi. Deni likiwa dola 10,000 au zaidi, mdai aliye na hukumu anaweza kumpa mdaiwa siku 21 za kulipa, na zikipita, kuomba mahakama ya shirikisho imtangaze mufilisi. Ufilisi wa mtu huko huchukua miaka mitatu na siku moja. Nyumba aliyomwandikia dada yake kwa bei ya kutupa mwaka wa jana? Msimamizi wa ufilisi anaweza kuifuata hadi miaka mitano nyuma.

Halafu inakuja leseni, ambayo kwa mjenzi ni mkate. Mtu aliyekuwa na sauti katika kampuni iliyofilisika hutengwa: miaka mitatu hawezi kushika leseni yake wala kuongoza kampuni yenye leseni. Ikimtokea mara ya pili, hutengwa maisha. Wametumia neno pana kwa makusudi, wakimhesabu hata yule ambaye hayumo kwenye daftari la wakurugenzi lakini ndiye anayetoa amri. Na tangu Novemba 2021 kila mkurugenzi Australia nzima hupewa namba moja ya utambulisho ambayo ni yake mpaka kufa, ili nyoka akivua gamba, meno yatambulike. Kwa mabavu ya kisheria hiyo namba haina uzito wa kifungu cha 111C, lakini mimi ningeichukua leo kama ningepewa kitu kimoja tu cha kuja nacho nyumbani. Ni nafuu, na haihitaji kumshitaki mtu.

Pembeni nitaje njia nyingine inayofika pale pale. Kwenye majimbo ya mlango wa mwisho, mtoa bima kabla ya kumkubalia mkandarasi anaweza kumtaka mkurugenzi asaini hati ya kufidia: kampuni yangu ikisababisha ulipe, nitakurudishia mimi. Hapo mkurugenzi hudaiwa kwa sahihi yake. Queensland hudaiwa kwa cheo chake. Kwa mtazamo wa haki naona ile ya sahihi ina heshima zaidi, maana mtu alishika kalamu, akaona tarakimu. Kwa mtazamo wa mwenye nyumba ile ya cheo ni bora, maana haina hati ya kupotea wala mkurugenzi mpya aliyesahauliwa kusainishwa.

Na hilo la cheo linanipeleka kwa mtu ambaye sikutaka kumaliza bila kumtaja.

Kampuni ndogo za ujenzi, Brisbane kama Mbagala, ni za familia. Mume anajenga, mke anaandika hesabu jioni watoto wakilala. Siku ya kusajili kampuni mhasibu husema, muweke na mama awe mkurugenzi, ni vizuri kwa kodi, au benki inataka hivyo. Mama anasaini. Hajawahi kukanyaga eneo la ujenzi. Hajui ni nyumba ngapi zinaendelea. Kampuni ikianguka, na ndoa mara nyingi ikianguka nayo, mume hana kitu, au ameshajitangaza mufilisi. Mama ana kazi ya kudumu na nusu ya nyumba. Deni ni la kila mmoja peke yake. Mnadhani Tume itaanza kubisha hodi kwa nani?

Nimewasikia wenzangu wakisema, alisaini, ndiyo sheria. Kweli. Na nakubali kwamba kumwachia upenyo ni kumwonyesha kila mjanja pa kupita. Kesho wakurugenzi wote watakuwa akina mama wasiojua kitu. Waliotunga kifungu kile waliona mbali walipokataa kuuliza nani alijua nini. Lakini bado nasema sheria inayouliza tarehe tu humpata kwanza yule asiye na pa kukimbilia, na mbunge anayepigia kura kifungu cha namna hiyo ajue anafanya hivyo. Zipo sheria za kampuni zinazomruhusu mkurugenzi ajitetee kwa kuonyesha alivyojitahidi. Hapa ningependa mlango mdogo wa aina hiyo, mzigo wa kuthibitisha ukiwa juu yake, na hakimu akiwa huru kumfungulia nusu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza nje, kabla hatujaanza, kama huyo mama anaweza kujiuzulu akaokoka. Jibu nililompa ni refu kidogo. Kujiuzulu kunaweza kumtoa katika kundi la pili, la waliokuwa wakurugenzi siku Tume ilipolipa. Hakumtoi katika kundi la kwanza. Boma lilipokuwa linapanda yeye alikuwa mkurugenzi, na siku zile hazirudi nyuma kurekebishwa. Kwa nyumba ambazo hazijaanza, ndiyo, ajiuzulu leo, na ahakikishe daftari la kampuni limeandikwa hivyo leo, si Ijumaa. Kwa zile zilizokwisha kuanza afungue bahasha, zote, hata zilizoandikwa kwa jina la mumewe na la kampuni, ahesabu siku 28 kutoka tarehe aliyopokea, na kama siku zimebaki nne atafute wakili siku hiyo hiyo, kabla ya kumpigia simu mume.

Akaniuliza, na kama zimepita?

Nikamwambia hapo hakimu atamwuliza tarehe gani aliingia katika daftari la wakurugenzi, naye hatakuwa na haja ya kujibu, kwa sababu karani atakuwa ameshachapa nakala.